Nimekaa Mlangoni Kwangu

Walioniita mchawi bado wako hai, na baadhi yao tunasali kanisa moja. Hawajaniomba radhi, na mimi sijawaambia kwamba nimewasamehe. Tukikutana njiani tunasalimiana vizuri sana, kuanzia habari za kuamka mpaka za mbuzi. Salamu ndiyo iliyotaka kunitoa nyumbani kwangu, kwa hiyo mimi siichezei.

Nianze na tabia yangu, maana usipoijua hutaelewa kilichofuata. Nilizaliwa Ivuna, bondeni, kwa wachemsha chumvi. Kule mtu anamwita mwenzake aliye jiko la pili katikati ya moshi, kwa hiyo hatukufundishwa kunong'ona. Nikaolewa huku juu, Ruanda ya Mbozi, kwenye baridi, migomba na kahawa, kwa watu ambao wakikasirika wananuna mwezi mzima. Mimi nikikasirika nasema papo hapo, na nikishasema nimesahau. Mume wangu alikuwa anacheka tu. "Mke wangu ni redio," alikuwa akiwaambia ndugu zake. "Ukitaka inyamaze, subiri betri ziishe."

Yeye alikuwa mpakia mizigo mpakani Tunduma. Alikaa huko huko, akirudi mwisho wa mwezi na sukari na sabuni, na akifika mlangoni anabisha kwa salamu ya Kibemba kama Mzambia: "Mulishani, mukwai?" Wanangu wawili, wote wa kike, walikuwa wanamjibu kwa vicheko na kugombea kapu. Halafu mara moja akarudi anakohoa, na msimu wa kahawa uliofuata ulipoanza tulikuwa tumeshamzika.

Matanga yalipoanuliwa tu, shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, akaja na maneno ya kunirithi. Nikamwambia mbele ya watu kwamba mimi si jembe la kuachiana. Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi walificha vicheko kwenye khanga. Yeye hakucheka. Tangu hapo akaacha kunitaka mimi, akaanza kuitaka nyumba yangu na mibuni iliyoizunguka, mibuni ambayo mimi na marehemu tulichimba mashimo yake kwa mikono yetu.

Ardhi ilikuwa ya baba mkwe, na neno la mwisho lilikuwa lake. Baba mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mkali, masikio yamepungua, anayependa kahawa yake na kuchukia kelele. Na katika ukoo ule kulikuwa na sheria ambayo hata mtoto aliijua: mke wa mwana akimtukana baba mkwe mbele ya ukoo, amejifukuza mwenyewe. Hakuna cha kujitetea. Anafunga sufuria zake, anarudi kwao, na watoto wanabaki kwa baba zao wakubwa. Shemeji aliijua sheria ile, na mdomo wangu aliujua pia. Alichokosa ni nafasi tu ya kuvikutanisha.

Sasa niwaambie habari ya kupumua.

Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wameruhusiwa kuingia kwenye kahawa, na kila kona ya Mbozi ilikuwa na mtu mgeni mwenye mizani. Mmoja wao alijenga mtambo wa kumenya kahawa mbivu kule chini mtoni, tukauita mashineni, na sisi wanawake tukapata kazi ya kuchambua mezani. Pamoja na mtambo alikuja mwonja kahawa, mwanamume mfupi wa makamo, mweusi kama sisi lakini mwenye nywele za kulala. Tukamwita Mhindi. Alikataa. "Mimi si Mhindi, mama. Kwetu kisiwa, Sri Lanka. Chai nyingi sana, kahawa kidogo." Tukaendelea kumwita Mhindi.

Kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, yule bwana alikuwa anakaa nyuma ya ghala. Miguu ameikunja, mikono mapajani, macho amefumba. Hasomi kitu, hasemi kitu. Wenzangu wakasema anaongea na majini. Mimi siwezi kulala na swali tumboni, nikamwendea.

"Bwana, unamwabudu nani huku nyuma?"

"Simwabudu mtu. Napumua."

"Hata kuku anapumua."

"Ndiyo," akasema, "lakini kuku hajui kama anapumua. Wewe unajua?"

Weee! Nilicheka mpaka khanga ikafunguka. Nikawapelekea wenzangu habari ile mezani, tukacheka mchana kutwa, tukawa tunaulizana, mwenzangu, umepumua leo? Lakini jioni, nikiwa nyumbani nasonga ugali, nikajikuta naitafuta pumzi yangu iko wapi. Ilikuwa juu kabisa, kifuani, kama ya mtu anayekimbizwa. Nimekaa jikoni kwangu, hakuna anayenikimbiza, na bado nahema. Niliweka mwiko chini nikalia, na sikuwa nimelia hivyo tangu mazishi.

Kesho yake nikarudi nyuma ya ghala. "Nifundishe hicho kitu," nikamwambia. "Lakini mimi ni Mkristo na sihami."

"Usihame. Mimi Mbudha, wewe Mkristo. Kaa tu."

Alinipeleka kwenye tangi. Kahawa mbivu ikimwagwa majini, nzito inazama, na ile nyepesi iliyoliwa na wadudu inaelea juu. Akanionesha zile zinazoelea. "Mawazo yako ndiyo haya, mama. Usiingie majini kupigana nayo. Kaa ukingoni, yaone."

"Sisi zikishaelea tunazichota tunazitupa."

"Wewe usitupe. Zione tu, zitaenda."

"Mnunuzi gani asiyetupa mbovu!" nikasema, naye akacheka mpaka akashika ukuta wa tangi.

Basi tukawa tunakaa, yeye huku, mimi kule, kabla ya kazi. Sitawadanganya, mwanzoni ilikuwa mateso. Ukifumba macho ndipo shemeji anapoingia, na jeneza, na deni la ada, na sauti ya marehemu ikikohoa. Mwonja kahawa alisema mwalimu wao wa zamani, Budha, alifundisha kwamba uchungu unatoka kwenye kushikilia, na kwamba kila kitu hupita.

"Shemeji yangu hapiti," nikamwambia. "Unataka niache nini? Niache nyumba? Nimwachie yule?"

Hapo alikuna kidevu. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Nyumba ishike kwa mkono," akasema mwishoni. "Usiishike kwa koo."

Nikamwambia yeye aonje kahawa, mambo ya nyumba aniachie mimi. Tulikuwa tunabishana hivyo karibu kila asubuhi. Kuhusu hasira aliniambia ikija niiambie nimekuona, kama mtu anayempokea mgeni. Nikamjibu kwamba huku kwetu mgeni anapewa kigoda na ugali. "Mpe kigoda," akasema. "Usimpe panga."

Hilo nililielewa. Siku moja mwenzetu mmoja akanichukulia nafasi yangu pale mezani, ile yenye kivuli, na nilishafungua mdomo. Nikasikia joto linapanda kutoka tumboni, nikalitazama linavyopanda, likafika shingoni, likashuka. Nikaenda kuchambua juani. Wenzangu waliniuliza kama naumwa. "Mbona leo redio imekufa?" wakasema. Usiku ule nililala kama mtoto, na nikajua kwamba kitu hiki ni changu na sitakiacha.

Siku ambazo mtambo haukufanya kazi nikaanza kukaa nyumbani. Ndani watoto wamelala na pana moshi, kwa hiyo nilikaa nje, mlangoni, kwenye kizingiti. Mbele ya mlango wangu inapita njia ya kisimani. Na mwonja kahawa alikuwa ameniambia kwamba sauti zikija niziache zipite, nisizifuate. Nikayachukua maneno yake kama yalivyo. Lori likanguruma kule barabara kuu, sikulifuata. Jogoo akawika, sikumfuata. Mke wa shemeji akapita na ndoo yake, akasema, "Umeamkaje, mwenzangu?" Nayo sikuifuata.

Jamani! Huku kwetu mtu anaweza kukunyima chumvi, akakunyima moto, akakunyima hata mbegu, na mkaendelea kuishi. Lakini asiyejibu salamu ana jambo. Salamu ya asubuhi inaulizia mwili wako, watoto wako, mifugo yako, na anayeinyamazia ni kama amesema hataki vipone. Sasa fikiria mjane, wa kutoka bondeni, amekaa mlangoni alfajiri, macho amefumba, mikono mapajani, anasalimiwa na nusu ya kijiji na hajibu hata mmoja. Mtu wa namna hiyo hata mimi ningemkimbia. Ila mimi nilikuwa ndani ya pumzi yangu huko, nimefurahi, naona naendelea vizuri.

Nilikaa hivyo asubuhi nyingi. Halafu ng'ombe wa shemeji akaharibu mimba, na shemeji akapata alichokuwa anakitafuta.

Aliyeniambia ni mama mmoja tuliyekuwa tunachambua naye. Alinivuta pembeni. "Mwenzangu, acha hicho kitu. Wanasema asubuhi unafunga watu. Wanasema ng'ombe yule ni wewe." Nikamkimbilia mwonja kahawa, nikamweleza mbio mbio, na yeye macho yakamtoka.

"Nani alikuambia usijibu salamu?"

"Wewe! Ulisema nisifuate sauti!"

"Nilisema gari, mama! Nilisema ndege! Mtu akikuita unamjibu, halafu unarudi."

"Mbona wewe hapa nyuma hujibu?"

Akatazama chini. "Hapa nyuma hakuna anayenisalimia," akasema.

Ilinichoma. Ni kweli, msimu mzima tulikuwa tukimcheka, na hakuna aliyewahi kumuuliza ameamkaje. Kesho yake nilipita nyuma ya ghala nikamsalimu kwa kirefu, salamu ya kwetu kamili. Alifumbua macho akanijibu zote, za nyumbani, za watoto, mpaka za mbuzi ambao hakuwa nao.

Nami nikarudi mlangoni kwangu nikiwa tayari kujibu. Nikakaa, nikafumba macho, nikasubiri salamu. Nikasikia miguu inakuja, inafika mbele yangu, inapita. Hakuna aliyesema kitu. Akapita mwingine, kimya. Watoto walikuwa wakifika kwangu wanakimbia, maji yanamwagika kwenye ndoo, mpaka wavuke kona. Asubuhi ile nilijifunza kwamba kutosalimiwa kunauma kuliko kutukanwa. Tusi unaweza kulijibu.

Wakaanza kuja wa kunishauri. Mzee wa kanisa alikuja na Biblia kwapani akanitaka nisimame mbele ya washirika niikane roho ile. Nikamuuliza ni amri ipi inayokataza kupumua. Akasema tatizo si kupumua, ni namna ya kupumua. Nikamwambia anioneshe namna ya Kikristo, tukae naye pale pale, nami nitaifuata. Akakumbuka ana mgonjwa wa kumtembelea Vwawa.

Yule mwenzangu wa mezani alikuwa na ushauri mwepesi zaidi. "Si ukae ndani tu? Nani atakuona?"

Ningeweza. Mwonja kahawa mwenyewe alisema pumzi haichagui chumba. Lakini nilijiambia hivi: leo nikihamia ndani kwa sababu ya shemeji, kesho nitahamia uani, na keshokutwa nitahamia Ivuna. Mume wangu ndiye aliyekiweka kizingiti kile, na mimi ndiye niliyemshikia ubao. Tangu azikwe, kila kitu changu kilikuwa na mtu wa kukisemea: shamba, watoto, mwili wangu, hata rangi ya nguo yangu. Pumzi tu ndiyo haikuwa na msemaji. Niingie ndani kama mwizi? Ng'o! Nilikaa pale pale, na khanga nyekundu nikavaa, ili hata mwenye macho mabovu asiseme hakuniona.

Msimu ukaisha. Kahawa ya mwisho ikapakiwa, na mwonja kahawa akapanda lori lile lile la magunia kuelekea Moshi. Alishuka kuniaga pale mezani.

"Kila kitu hupita, mama."

"Wewe unapita," nikamwambia, "shemeji anabaki."

Safari hii hakucheka. Alinishika mikono yote miwili kama tunavyoshikana sisi, akasema, "Kaa tu." Sijamwona tena, na kama bado yuko hai huko kisiwani kwake basi ni mzee sana sasa. Siku ile sikumshukuru, nilimkasirikia kwa kuondoka.

Haukupita muda wifi yangu, dada wa marehemu, akaja kwangu amejifunika khanga mpaka machoni. Hakukaa. "Wifi, Jumamosi unaitwa kwa baba, ukoo mzima utakuwepo. Kaka amejipanga. Ng'ombe ni kisingizio. Anataka akuchokoze mpaka umtukane baba, basi. Ukishamtukana baba, umekwisha. Chonde, usiseme neno."

"Mimi? Nisiseme neno?"

"Ndiyo maana sijalala," akasema, akaondoka.

Jumamosi nikaenda na wanangu, mkubwa huku, mdogo huku. Uani kwa baba mkwe, penye meza za kuanikia kahawa, watu walikuwa wamejaa. Mke wa shemeji aliwaita wanangu kwake, akawakalisha kwenye mkeka, mkeka mpya. Baadaye nilijua kwamba na chumba alikuwa ameshakifagia na kitanda cha kuwalaza ameshakitandika. Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake, amefunga koti mpaka shingoni, kiganja nyuma ya sikio. Nikapiga magoti nikamsalimu, akaitikia bila kunitazama. Nikakaa chini.

Shemeji akasimama. Alianza na ng'ombe, akaingia kwenye salamu zisizojibiwa, na watu wakaguna, maana hilo lilikuwa kweli. Halafu akabadilisha njia. Kila baya aliloniambia alilitia kinywani mwa baba yake. "Baba alisema tangu mwanzo, damu ya bondeni si ya kuoa." Nikamtazama mzee. Mzee hakusikia, alikuwa anatazama kuku waliopanda kwenye meza ya kahawa. "Baba anasema mama yake huyu ndiye aliyemfundisha uchawi kwenye vyungu vya chumvi." Joto likaanza. "Baba anasema ndugu yetu hakufa kifua, aliliwa." Nikafumba macho.

"Mnaona!" mtu akapiga kelele. "Anafanya! Anafanya hapa hapa!" Nikasikia watu wanarudi nyuma, viti vinaburuzwa. Sikufumbua.

"Na hawa watoto," shemeji akasema, sasa taratibu, kama mtu anayeonja chumvi, "baba mwenyewe anasema hawana sura ya kwetu. Baba yao akiwa Tunduma, hatujui mimba hizi ziliokotwa wapi."

Wanangu walikuwa wanasikia. Mkubwa alikuwa na umri wa kuelewa.

Nilikuwa na neno tayari. Sitaliandika. Lilikuwa linamhusu baba mkwe, uzee wake na ujana wake, neno zuri, lenye kuumiza, na lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Nikaitafuta pumzi nikaikuta kifuani, juu, inakimbizwa. Nikaishusha. Nikaiambia hasira, nimekuona, wee mgeni, nimekuona, kigoda hicho. Ikakataa kukaa. Nikaiambia tena. Wasikudanganye watu kwamba utulivu ni upole. Siku ile sikuwa mpole hata kidogo, nilikuwa nawachukia wote uani pale. Nilitulia kwa ukaidi, kwa sababu walitaka nifanye kitu kimoja, na kitu hicho hicho ndicho nilichowanyima.

"Jibu!" shemeji akasema. "Si una mdomo? Jibu!"

Nikafumbua macho, nikamtazama. Sikusema.

Kimya kingi kina mshindo. Yeye hakukizoea kimya changu, amenijua kwa kelele miaka yote, na nadhani kilimtisha kuliko uchawi. Akapandisha sauti. Akazunguka, akarusha mikono, akarudia ng'ombe, akarudia chumvi, mate yanamtoka. Debe tupu haliachi kuvuma. Kuku wakaruka kutoka kwenye meza ya kahawa, kahawa ikamwagika chini, na mzee akashtuka.

"Punguza kelele, wewe," baba mkwe akasema. "Unamwaga kahawa."

Shemeji akageuka. "Na wewe nyamaza, mzee! Ungekuwa mwanamume kamili, shamba hili ungeshanipa kabla hujaoza kwenye kiti!"

Lo! Hilo mzee alilisikia. Hata kiganja hakikuhitajika. Wifi yangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Shemeji mwenyewe alibaki ameachama, nadhani alikuwa anatafuta namna ya kulirudisha.

Baba mkwe alinigeukia mimi. "Mama," akasema, na tangu niolewe hakuwahi kuniita hivyo, "umeamkaje?"

"Nimeamka salama, baba. Sijui ninyi."

"Sisi wazima. Watoto?"

"Wazima, baba. Wako hapo, kwenye mkeka usio wao."

"Wanasema hujibu salamu. Mbona unajibu?"

"Nilikosea, baba. Nilikuwa bado najifunza. Siku hizi niko tayari kujibu, ila hakuna anayenisalimia."

Akafikiri kidogo. "Na pale mlangoni asubuhi unafanya nini?"

"Nauchunga moyo wangu, baba, usije ukamtukana mtu."

Mzee akamtazama mwanawe, akamtazama kwa muda mrefu. "Basi ukae," akaniambia. "Na huyu naye umfundishe." Halafu akawaambia wajukuu zake waende kwa mama yao, akaagiza shemeji alete mbuzi wa kumwomba radhi, na akamalizia kwamba kuanzia pale hataki kelele karibu na kahawa yake. Wanangu walinijia mbio, mdogo akaurukia mgongo wangu, na sasa ndipo nilipolia, kwa sauti, kama mtu wa bondeni.

Nilikuwa na uhakika shemeji atamleta mbuzi kwa njia ya nyuma. Lakini njia ya nyuma ilikuwa imejaa matope, na kwenda kwa baba yake ilibidi apite kwangu.

Kesho yake alfajiri nilikaa mlangoni, khanga yangu nyekundu, miguu nimeikunja. Wanawake walikuwa wanapanda kutoka kisimani na ndoo kichwani. Nikasikia kwato. Nikafumbua macho, nikamwona shemeji anakuja, kamba mkononi, mbuzi nyuma yake anagoma. Alikuwa anatazama mbele kabisa, kama vile nyumba yangu haipo.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

Akapita.

Wanawake wa ndoo wakasimama. Nilivuta pumzi mpaka tumboni, na sauti ya Ivuna nilikuwa nimeitunza muda mrefu.

"Shemeji! Nimekusalimu! Huku kwetu asiyejibu salamu asubuhi anaitwaje?"

Alisimama. Hakugeuka mara moja. Mbuzi akaanza kula majani ya kahawa yangu, nikamwacha ale.

"Marahaba," akasema.

"Umeamkaje?"

"Salama."

"Za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na mbuzi je?"

Akamtazama mbuzi. Wanawake nao wakamtazama mbuzi.

"Mzima," akasema.

Nikafumba macho, nikaendelea kupumua.